Rukia, mlango usiuzwe

Kwako shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi. Wa huko Nairobi wote hawajambo? Sisi tu wazima alhamdulillahi, na mama anauliza kama kile kifua cha mtoto kimepoa. Kimya kimekuwa kirefu, najua, na harusi ya kwa kina Mwanaisha nina mengi ya kukusimulia, lakini itangoje. Jana Swaleh kaniambia ami yako amepata mnunuzi wa ule mlango wa kuchonga wa nyumba ya bibi yako kule Lamu, anautaka akauweke hotelini. Tangu hapo sina raha.

Nimetoka Lamu juzijuzi tu na wanafunzi wangu, tukaingia makumbusho, yale ya pale pwani. Niliwapeleka hasa wazione siwa, yale mabaragumu makubwa ya zamani. Zimewekwa zote mbili, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, iliyochongwa karne ya 17. Rukia, picha za vitabuni hazikuonyeshi kitu. Ile ya Pate imekuzidi kimo, nakshi zake ni za mkono uliotulia kabisa, na tundu la kupulizia liko ubavuni. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, inapulizwa lini?" Nikamwambia zamani ilikuwa ya wafalme, na ikilia kwenye harusi na tohara za watu wenye vyeo. Akanitazama. "Na sasa?" Sikuwa na la kumjibu, nikawaambia wapange mstari tuondoke.

Tukapanda mitaani hadi ile nyumba ya Kiswahili, ya karne ya 18, iliyotengenezwa ikawa makumbusho nayo. Pale ndipo nilipokukumbuka. Daka, ile baraza ya mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vile vyumba virefu vinavyofuata ua, kisha ndani kabisa zile zidaka, vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, ambamo watu walikuwa wakipanga sahani za Kichina na vitu vyao vya thamani. Watoto wakashangaa mbona vyumba ni virefu na vyembamba hivyo. Nikawaonyesha dari: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ni mti wa mikoko, haurefuki kwa sababu wewe unataka ukumbi. Walifurahi sana kwa hilo, wengine wakaanza kupima kwa hatua, na yule mtukutu wa kwa Bi Salma (unamjua) akalala chini kabisa apime kwa mwili wake.

Sasa fikiria nyumba ile bila mlango wake. Au na mlango wa bati.

Ule wenu ninaujua kwa vidole. Nakshi ya kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, inaanzia chini kabisa, shina linapanda likijizungusha, na kila jani lina mishipa yake, fundi hakuruka hata moja. Pale chini ya pete mbao imelainika kwa mikono ya watu. Bibi akiupaka mafuta kila Ramadhani ikikaribia, nasi tukipewa vitambaa tusugue, na tukisugua juujuu akiturudisha tuanze upya. Alisema mamake ndiye aliyeukuta alipoletwa pale bi harusi. Hotelini nani atayajua hayo? Watapigia picha tu.

Tena kuna la sheria, na hili ami lazima aambiwe kabla hajapokea pesa ya mtu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaitaja kwa jina milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Ni vitu vinavyolindwa. Huung'oi tu ukaupakia mashuani usiku, kuuhamisha kunataka kibali. Na mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001. Kilichoupeleka huko ni nyumba kama zenu, zinazokaliwa na watu bado, na milango yao ikiwa mahali pake.

Simlaumu ami. Paa linavuja, ukuta wa nyuma umeanza kumeguka chokaa, na nyumba ya mawe ya matumbawe inakula pesa. Najua pia ndugu wengine wameshaihama na hawatumi kitu. Lakini mlango ukishaondoka haurudi, na paa litavuja tena. Ikiwa kweli hawawezi kuutunza, basi heri waende wazungumze na watu wa makumbusho, ubaki Lamu, hata kama ni nyuma ya kamba. Ingawa hilo nalo linaniuma. Ningependa uendelee kufunguliwa na watu wenye haraka zao.

Wewe ndiye ami anayemsikiliza, mimi ni mtu wa nje. Je, mnunuzi ameshatoa chochote? Shangazi Fatuma anajua, au wamemficha? Hati ya nyumba iko kwa jina la nani, la ami peke yake au la warithi wote? Na paa, fundi alisema litataka kiasi gani? Tukichanga wewe, mimi, Swaleh na wale wa Jeddah, haliwezi kuzibwa kabla ya masika? Mpigie ami leo, usingoje Ijumaa. Kisha unijulishe, hata usiku.

Wako akupendaye,
Zuhura