Programu ya wahusika inajifunga baada ya sasisho? Usiifute kwanza

Unatumia programu ya kutunza wahusika wa mchezo wa kuigiza mezani, kama Dungeons & Dragons. Sasisho limeingia, umebofya ikoni, dirisha limejitokeza sekunde moja kisha likatoweka. Mchezo unaanza baada ya saa mbili na karatasi za wahusika wote zimo humo ndani. Hapo wengi hukimbilia jambo moja: kuifuta programu na kuisakinisha upya. Tunakuomba usianze na hilo.

Kusakinisha upya hurudisha faili za programu yenyewe, na mara nyingi hizo hazina kosa. Kinachogombana na toleo jipya kwa kawaida ni vile ulivyoviweka wewe: wahusika wa zamani, silaha na uchawi uliotunga, picha, mipangilio. Vyote hivyo hukaa kwenye folda nyingine ambayo usakinishaji hauigusi, kwa hiyo unamaliza kazi yote na programu inajifunga vilevile. Hatari zaidi ni pale programu inapoondolewa na kukuuliza kama ifute na data ya mtumiaji. Ukijibu ndiyo kwa haraka, wahusika wako wamekwenda.

Nakala kabla ya chochote

Funga programu kabisa. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc uhakikishe jina lake halimo kwenye orodha ya zinazoendeshwa, maana programu iliyoganda huweza kubaki hai bila dirisha lolote. Kisha bonyeza Windows+R, andika %APPDATA%, na utafute folda yenye jina la programu au la walioitengeneza. Isipokuwepo, jaribu %LOCALAPPDATA%, halafu %PROGRAMDATA%, halafu folda yako ya hati. Kwenye Mac angalia ~/Library/Application Support, na kwenye Linux ~/.config na ~/.local/share.

Nakili folda nzima, usichague faili moja moja. Programu nyingi huhifadhi wahusika katika hifadhidata ya SQLite, na pembeni ya faili kuu unaweza kukuta nyingine mbili zenye jina lilelile, moja ikiishia na -wal na nyingine -shm. Hiyo ya -wal si takataka. Ndani yake huweza kuwemo mabadiliko ya mwisho ambayo hayajaingizwa kwenye faili kuu. Ukibeba faili kuu peke yake, unaweza kujikuta na mhusika wa ngazi ya 6 wakati mezani ameshafika ya 7.

Inajifunga wakati gani hasa?

Swali hili lina thamani kuliko picha kumi za skrini. Endesha programu mara mbili au tatu, na kila mara andika kitu cha mwisho ulichokiona kabla haijatoweka.

Ikijifunga kabla dirisha halijatokea, washukiwa wakuu ni mipangilio iliyoharibika, au kipande cha programu kilichozuiwa na antivairasi, au sasisho lililoingia nusu kwa sababu programu ilikuwa imefunguliwa wakati huo. Katika hali hizi mbili za mwisho kusakinisha upya kunasaidia kweli, ilimradi nakala umeshaichukua. Upande wa mipangilio, programu nyingi za Windows zilizoundwa kwa .NET (mfumo wa Microsoft wa kuundia programu) huwa na faili iitwayo user.config chini ya %LOCALAPPDATA%, ndani ya folda yenye namba ya toleo. Umeme ukikatika faili hiyo ikiandikwa, huweza kubaki imejaa sifuri tupu, na programu hushindwa kuisoma kila inapowashwa. Usiifute. Ibadilishe jina iwe user.config.zamani, washa programu, nayo itatengeneza mpya. Utapoteza rangi na ukubwa wa madirisha, wahusika hawaguswi.

Ikifunguka vizuri lakini ikajifunga inapopakia data, yaani ule mstari wa maendeleo unafika mahali fulani na hapohapo inakufa, karibu kila mara mkosaji ni faili uliyotunga au uliyopakua kwa mtu mwingine. Ikijifunga kwa mhusika mmoja tu huku wengine wakifunguka, tatizo ni la mhusika huyo au kitu alichobeba.

Kwenye Windows kuna ushahidi zaidi. Bonyeza Windows+R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za Windows kisha sehemu ya programu, na utafute kosa lenye namba 1000 lililotokea dakika ileile. Msimbo 0xe0434352 maana yake programu ya .NET imekumbana na kosa ambalo haikujiandaa nalo, na karibu yake utakuta tukio namba 1026 lenye maelezo marefu. Msimbo 0xc0000005 ni programu kugusa memori isiyoruhusiwa kuigusa. Hapo angalia moduli (kipande cha programu) iliyotajwa, na ikiwa jina lake ni la draiva ya kadi ya picha, hilo ni jibu tayari. Msimbo 0xc00000fd ni hesabu iliyojirudia hadi nafasi yake ikajaa. Huo una sehemu yake hapa chini.

Kumsaka mkosaji kati ya faili zako

Tuseme una faili 32 za mambo uliyotunga. Usizijaribu moja moja. Zihamishe 16 kwenye folda nyingine nje ya folda ya data, kisha washa. Programu ikifunguka, mkosaji yumo katika zile ulizotoa. Isipofunguka, yumo katika zilizobaki. Gawa kundi hilo tena: 8, 4, 2, 1. Kwa faili 32 unafika kwa raundi 5, kila raundi dakika moja au mbili. Angalizo: ikiwa faili moja inategemea nyingine, kwa mfano faili ya taaluma inayotaja uchawi ulio kwenye faili ya pili, zihamishe pamoja, la sivyo utatengeneza kosa jipya ukadhani umelipata la zamani.

Ukishaibana faili, mambo ni machache yanayojirudia.

La kwanza ni uandishi. Katika XML, moja ya miundo ya kuandikia faili za data, alama ya & haikai peke yake. Mstari kama huu:

<jina>Upanga & Ngao</jina>

lazima uandikwe:

<jina>Upanga &amp; Ngao</jina>

Huenda toleo la zamani lilikuwa likisamehe kosa hilo na jipya halisamehi. Katika JSON, muundo mwingine wa aina hiyo, mkosaji wa kawaida ni koma iliyobaki baada ya kipengele cha mwisho kabla ya mabano kufungwa. Namba nazo hutatiza: 1,5 si namba katika JSON, lazima iwe 1.5. Logi ya programu, yaani faili ambamo huandika inachofanya, ikitaja namba ya mstari, angalia mstari huo na ule wa juu yake, kwa sababu msomaji wa faili hugundua kosa baada ya kulipita.

La pili ni majina yaliyobadilika. Faili ya mhusika haihifadhi maelezo yote ya upanga wake au asili yake. Inahifadhi kitambulisho tu, kitu kama "asili": "askari_01", na programu huenda kukitafuta kwenye data yake. Sasisho likibadilisha kitambulisho hicho kuwa "askari_2024", programu inatafuta, haikuti, na kama mwandishi wake hakuweka njia ya kushughulikia kitu kisichopatikana, inajifunga. Jambo hili lilipata uzito pale Dungeons & Dragons ilipotoa sheria zake mpya mwaka 2024. Katika sheria za 2014 nyongeza za uwezo kama Nguvu na Akili zilitokana na jamii ya mhusika (race), kama elf au dwarf. Katika zile za 2024 zinatokana na asili yake, yaani maisha aliyoishi kabla ya safari. Mhusika aliyejengwa kwa sheria za kwanza akifunguliwa katika data ya pili, nyongeza zake hazina pa kushikia. Kama programu yako inaruhusu kuchagua seti ya sheria kwa kila mhusika, mrudishe kwenye ya 2014 kwanza, mfungue, mhifadhi, ndipo ufikirie kumhamisha. Kuhamisha kwa mkono, ukiwa na karatasi iliyochapwa pembeni, ni kazi ya nusu saa na matokeo yake unayaamini.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowachosha watunzi hodari.

Hesabu inayojizunguka

Chukua mkanda uliotungwa hivi: unaongeza Nguvu kwa 2 pale mzigo unapozidi nusu ya uwezo wa kubeba. Mhusika ana Nguvu 10. Uwezo wa kubeba ni Nguvu mara 15, kwa hiyo ratili 150, na nusu yake 75. Amebeba ratili 80. Mzigo umezidi, mkanda unafanya kazi, Nguvu inakuwa 12. Sasa uwezo ni 180 na nusu yake ni 90. Ratili 80 hazizidi 90, mkanda unazima, Nguvu inarudi 10. Nusu inarudi 75, mkanda unawaka tena. Hesabu hii haina mwisho.

Katika toleo la zamani mkanda huu huenda ulifanya kazi miaka mingi, kwa sababu programu ilipita kwenye hesabu mara moja tu, kwa mpangilio maalumu, ikaridhika na jibu la kwanza. Toleo jipya linarudia hesabu hadi namba zitulie, na hizi hazitatulia. Nafasi ya memori iliyotengwa kwa hesabu inajaa, na programu inakufa bila hata ujumbe wa kuomba radhi. Katika .NET kosa la aina hii haliwezi kudakwa, ndiyo maana logi hukatika ghafla katikati. Dalili nyingine ni kichakataji kupanda sana na dirisha kuganda kabla ya kutoweka.

Tiba ni kubadilisha neno moja kwenye sharti: mkanda usome Nguvu ya msingi, si Nguvu ya mwisho. Msingi ni 10, nusu ya uwezo ni 75, mzigo 80 umezidi, ongeza 2, basi. Kagua kila kitu ulichotunga kinachosoma thamani ambayo chenyewe kinaibadilisha, hata kwa kupitia kitu cha katikati. Deraya inayoongeza ulinzi kwa kutegemea kasi, na buti zinazoongeza kasi kwa kutegemea ulinzi, ni mzunguko uleule uliogawanywa kwa vitu viwili. Kila kimoja peke yake hakina shida, vikivaliwa pamoja programu inazimika. Kwa hiyo ukiambiwa "inajifunga akivaa buti tu", usizichunguze buti peke yake.

Picha na skrini

Picha ya mhusika yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na MB 3 tu kwenye diski, lakini ikifunguliwa inachukua baiti 4 kwa kila pikseli, yaani MB 48 za memori. Kundi la wahusika na maadui 30 wenye picha kama hizo ni karibu GB 1.4. Programu ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida ina GB 2 tu za kutumia kwa kila kitu, hata kama kompyuta yako ina memori nyingi. Punguza picha hadi pikseli 600 kwa upande mrefu. Kwenye karatasi iliyochapwa hutaona tofauti.

Dirisha likija jeupe au jeusi kisha likajifunga, zima matumizi ya kadi ya picha kwenye mipangilio ya programu. Zile zilizojengwa kwa Electron (mfumo wa kuunda programu za kompyuta kwa teknolojia za tovuti) huwa zinakubali kuwashwa na --disable-gpu mwishoni mwa njia ya mkato. Ikifunguka hivyo, sasisha draiva ya kadi.

Inapojifunga wakati wa kuhifadhi

Folda ya hati ikiwa ndani ya OneDrive, huenda faili ya mhusika ipo mtandaoni tu na diski ina kivuli chake. Bofya folda kwa kitufe cha kulia uchague ibaki kwenye kifaa hiki daima. Kinga ya Windows nayo ina kipengele cha kulinda folda dhidi ya programu isiyoitambua. Kikiwa kimewashwa, iruhusu programu kwa jina badala ya kuzima kinga yote.

Kwenye simu

Kufuta akiba na kufuta data ni vitu viwili. Akiba futa bila wasiwasi. Data ni wahusika wako, kama hawajahifadhiwa kwenye akaunti mtandaoni. Kwenye iPhone, kufuta programu kunafuta na hati zake, wakati Offload App inaondoa programu na kuacha hati.

Kurudi toleo la nyuma, na cha kututumia

Inawezekana kurudi, lakini kumbuka kwamba toleo jipya likishafungua hifadhidata huweza kuibadilisha muundo, na la zamani lisiisome tena. Utahitaji toleo la zamani pamoja na nakala ya data iliyochukuliwa kabla ya sasisho. Nakala uliyochukua leo huenda isitoshe kwa hilo, hivyo angalia kama programu yenyewe ilitunza nakala za siku zilizopita; nyingi hufanya hivyo kwenye folda ndogo ndani ya ileile ya data.

Ukiamua kutuachia kazi, tuma faili ya logi, maandishi ya tukio namba 1000 na 1026, namba kamili ya toleo la sasa na la awali, faili ya mhusika mmoja anayejifunga na ya mmoja anayefunguka, na zile faili ulizotunga, zote katika zipu moja. Huyo anayefunguka usimsahau: tunawalinganisha wawili hao mstari kwa mstari, na tofauti iliyobaki kati yao ndipo tunapoanzia.