Dawa za Kupunguza Lehemu Zipimwe kwa Damu

Mhariri,

Mama yangu, ambaye ana lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta ya damu) iliyozidi, huloweka uwatu kila usiku, na asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, hunywa yale maji yake yenye utelezi. Sina ugomvi na uwatu. Kilichonishtua ni chupa aliyoletewa kutoka sokoni hapa Mombasa, yenye kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, "Huyeyusha mafuta ya damu, kutwa mara tatu," bila jina la mti wala tarehe. Aliacha vidonge vya hospitali akainywa wiki sita, na lehemu iliyokuwa imeshuka ikapanda tena.

Huenda dawa ile ni nzuri, lakini hakuna awezaye kujua, kwa kuwa lehemu haiumi na mgonjwa kusema amejisikia mwepesi si ushahidi. Inapasa mti utambuliwe na wajuzi wa mimea, ijulikane kama ni gome, mzizi au majani, kipimo kisibadilike, kisha wagonjwa wagawanywe kwa kura, wengine wapewe dawa na wengine kitu cha kufanana nayo kisicho na dawa, na damu yao ipimwe kabla na baada, pamoja na ini na figo.

Sisemi haya kwa kudharau tiba za wazee wetu. Statini ni dawa za hospitali za kupunguza lehemu; ya kwanza kuidhinishwa Marekani, lovastatini, mwaka 1987, ilitokana na kuvu, na kiini hicho hicho kimo katika mchele mwekundu uliochachushwa ambao Wachina wameutumia tangu kale. Ndiyo maana anayeula huku akimeza statini hujizidishia dawa bila kujua, na misuli yake yaweza kudhurika.

Naiomba KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo ina kituo cha utafiti wa dawa za jadi, iketi na waganga wa Kwale, Kilifi na hapa mjini. Wengi huficha miti yao kwa hofu ya kuporwa, na hofu hiyo ina msingi. Basi kabla gome halijatoka mkononi mwa mganga, haki yake iandikwe chini ya sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Wakati huo huo, maafisa wa afya wa kaunti wasiruhusu chupa yoyote iuzwe bila jina la mti ulio ndani yake.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa