Kaka, lile goti la mwanao

Kaka yangu,

Ninakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na wifi amenijibu kwa upole kwamba mambo ya mazoezi ya watoto hayazungumzwi tena nyumbani kwenu. Nimesikia umemnunulia mdogo wake binti yako baiskeli ya mbio na kwamba unamtafutia nafasi katika triathloni ya watu wazima, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Nimeshindwa kunyamaza.

Siku ile ya mbio za binti yako unaikumbuka, hata kama hupendi itajwe. Mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia ndiyo masafa waliyopewa vijana walioteuliwa na nchi zao kwenda kwenye Olimpiki ya Vijana kule Singapore mwaka 2010. Binti yako, uliyemwingiza kwenye masafa hayohayo, alikuwa na miaka 13 tu siku ile, na katika umri huo alikuwa amerefuka hata sketi ya shule ikapanda juu ya magoti. Wiki zote za kabla ya mbio alikuwa akishuka ngazi za nyumbani kwangu hapa Dodoma, mtaa wa Kikuyu, kwa kuegemea ukuta, na nilikuambia. Bado akatoka majini akiwa wa pili, mbele ya vijana waliomzidi kimo na umri, kisha akafika kwenye baiskeli yake, akaketi juu ya taulo na kushika pale chini ya goti.

Wewe ukavuka kamba. Ukamvalisha helmeti kwa mikono yako na kumfunga mkanda kidevuni, ingawa unajua kwamba mshindani haruhusiwi kusaidiwa na mtu wa nje, na ukamwambia kwamba mtoto wa kwetu halii mbele za watu. Nilipokuomba umwache, ukageuka ukanijibu kwa sauti iliyosikika hadi kwa waamuzi: "Wewe huna mtoto hapa." Mimi, shangazi yake, niliyemfundisha kupuliza pumzi chini ya maji akiwa hajaota meno ya mbele! Mengine yote nimeyaweka kando, lakini neno hilo bado ninalo.

Nitakueleza tena jambo lililokuwa likitokea katika goti lile, maana siku ile hukunipa nafasi. Mtoto anaporefuka kwa kasi, mifupa hutangulia, na misuli ya paja hubaki imekaza. Kano inayotoka kwenye pia ya goti hushikizwa juu ya mfupa wa muundi, mahali ambapo kwa umri ule bado ni laini, hivyo kila hatua ya kukimbia na kila msukumo wa gia nzito huvuta palepale hadi pakavimba. Dawa yake si ngumu: ni kupunguza kukimbia na kuruka, kunyoosha misuli ya paja, kutumia gia nyepesi, na kusubiri mwili umalize kazi yake. Mtoto anaweza kuendelea kuogelea wakati huo wote ikiwa haumii. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya naye, nawe ukaita uvivu.

Wapo ndugu wanaosema kwamba nilimlegeza kwa michezo ya majini na kwa kumkataza kukimbia siku mbili mfululizo. Mimi ninasema ustadi wa majini huingia vizuri mtoto akiwa mdogo, lakini pumzi ya kukimbia kilomita 10 inaweza kujengwa akiwa na miaka 20 na bado akawahi. Kwa hiyo tulitumia muda mwingi kwenye bwawa la kuogelea, na kamwe si kwenye lambo la Hombolo, kwa kuhofia kichocho. Tulijifunza kuvaa helmeti na kuifunga kabla ya kugusa baiskeli, kushuka kwenye baiskeli kabla ya mstari wa kushukia, na kukimbia dakika chache tu baada ya baiskeli ili miguu izoee ule uzito wa mwanzo. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Dodoma halijakolea na kabla upepo wa barabara ya Iringa haujaanza kumsukuma mtoto kuelekea kwenye malori. Sioni uvivu hapo.

Uliniambia bingwa huandaliwa mapema. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida hapa jirani, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33. Flora Duffy wa Bermuda, kisiwa ambacho watu wake wote hawafiki laki moja, hakumaliza triathloni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Aliacha mchezo kwa muda, akasoma, akarudi, na mwaka 2021 akachukua dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo, naye akiwa na miaka 33. Binti yako ana muda huo wote, iwapo hatauchukia mchezo kwanza. Tangu siku ile hajaomba kupelekwa bwawani, nawe unajua alivyokuwa akilia tulipomtoa majini.

Kaka, ni wewe uliyenifundisha baiskeli kwa ile Phoenix ya baba, ukikimbia nyuma na kushika kiti njia nzima ya Chamwino, na hukuwahi kunisukuma nilipokuambia nimechoka. Ndiyo maana sielewi.

Huyu mdogo mlete likizo ya Juni. Baiskeli mpya iache Dar, kwa sababu nimeambiwa miguu yake haifiki chini. Hapa ipo ndogo inayomtosha. Ataogelea, ataendesha taratibu na kukimbia siku tatu kwa wiki, na mbio zake za kwanza zitakuwa za watoto wenzake. Dada yake naye mlete, aje kupumzika tu, na kabla hamjasafiri apelekwe kwa daktari wa mifupa amtazame goti. Gharama hiyo nitailipa mimi. Wewe mjulishe tu wifi tarehe, naye ataniambia.

Dada yako, Dodoma