Mkopo wa nyumba unauliza babu alikuwa wapi 1908

Kwa Mhariri,

Salaam. Mimi ni mpishi hapa Mombasa, mzaliwa wa Majengo, lakini kwetu hasa ni Kilifi, unafuata barabara ya Malindi halafu unaingia ndani kwa bodaboda. Mvua za Novemba 2023 zilimpiga mama kule, ukuta wa upande wa jikoni ukalala chini wote, mpaka leo pamefunikwa turubai la bluu, nami nikasema basi, wacha nikope nimjengee vyumba viwili vya mawe na choo, yaishe. Mshahara ninao, pesilipu ninazo, na kila mwezi nakatwa ile 1.5% ya nyumba za bei nafuu kama mwajiriwa mwengine yeyote tangu sheria ya Machi 2024, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kwa hivyo benki niliingia kifua mbele.

Afisa wa mikopo alikuwa binti mdogo mwenye adabu zake. Akapekua makaratasi, akaniambia baba mshahara uko sawa, tatizo ni taito, yaani hati ya kumiliki ardhi. Shamba la mama halina taito. Nikamweleza kwamba babu ndiye aliyepanda ile minazi, mingine imezeeka hata haizai tena, na kwetu mnazi ni mali, unaweza kumuuzia mtu mnazi na ardhi ikabaki ya mwengine, kila Mpwani anajua. Akatabasamu. "Mnazi hauna pa kuandikwa kwenye hii fomu baba."

Haya, nikabisha mlango wa pili, nikatoa nyumba ya Majengo iwe dhamana. Nyumba yenyewe ni ile ya kiswahili, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, ua nyuma, paa lilikuwa makuti sasa ni mabati, na vyumba viwili tumepangisha. Lakini hii nayo ni nyumba bila ardhi. Kwa wasomaji wa bara wasiojua mambo haya: nyumba ni yangu, kiwanja ni cha mtu mwengine, namlipa kodi ya kiwanja, naye hataki nijenge kwa mawe manake jengo la mawe kulibomoa ni kesi. Watu wamezaliwa, wameolewa na wamezikwa kutoka nyumba kama hizi na hawamiliki hata mchanga ulio chini ya kitanda.

Risiti za kodi hiyo tunazo kwenye mkebe wa biskuti. Nilienda nao benki nikaufungua pale mezani. Karatasi za kila rangi, zingine za enzi ya babu wino umekuwa kama maji ya chai, moja ina alama ya kidole chenye mafuta, nadhani cha nyanya maana yeye ndiye aliyekuwa akilipa babu akiwa safarini. Kwa akili yangu mtu aliyelipa miaka yote hii bila kuruka ndiye mteja wa kukopesha! Binti akazitazama vizuri, hata moja akaipindua nyuma, akanirudishia mkebe.

Sasa hapa ndipo wenzetu husema Wapwani wavivu, hawafuatilii makaratasi. Wacheni niwakumbushe. Mwaka 1895 Mwingereza alikodi ukanda wa Pwani wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, ardhi ikapata bei, watu wakauziana na wakagombana, na 1908 ikaja sheria ya kusajili ardhi ya Pwani, kwamba mwenye dai alilete kwa msajili apewe cheti, na kile kisichodaiwa kihesabiwe ni cha Mfalme wa Uingereza. Waliojua habari za tangazo na waliokuwa na mawakili wakaandikisha. Mijikenda wengi walikuwa mashambani, na ardhi yao ilikuwa ya ukoo, nani angesimama peke yake aseme hii yangu? Halafu Oktoba 1963, Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte wakaandikiana barua kuhusu ukanda huu kuingia Kenya, na mojawapo ya ahadi ilikuwa kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote. Sisemi zifutwe, lakini aliyekuwa na cheti alilindwa na asiyekuwa nacho akaambiwa karibu Uhuru.

Nikaambiwa na jirani nitumie ile sheria ya miaka 12, kwamba ukikaa kwenye ardhi ya mtu muda huo bila kupingwa unaweza kwenda mahakamani uipate. Wakili akanichekea. Kumbe inamsaidia aliyekaa bila ruhusa! Wewe unayelipa kodi unakaa kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa hivyo hata miaka 70 haihesabiwi, na ardhi ya serikali ndio kabisa haiguswi. Yaani zile risiti za kwenye mkebe, ambazo benki inasema hazitoshi, kortini ndizo zingenimaliza.

Tulipoambiwa mwaka 2018 inaundwa KMRC, kampuni ya kuzipa benki na sako (vyama vya akiba na mikopo) pesa za kukopesha watu nyumba kwa riba nafuu, nilifurahi kweli. Lakini riba nafuu inanisaidia nini kama mlangoni naulizwa taito? Kama serikali inaweza kunikata kabla sijaugusa mshahara, basi makato hayo yahesabiwe kama ushahidi kwamba nalipa, pamoja na risiti za kiwanja, barua ya chifu na rekodi ya chama cha kuweka akiba, hata kama mkopo wenyewe ni wa vyumba viwili tu na wa muda mfupi. Na mabunge ya kaunti za Pwani yakipitisha bajeti ya kupima ardhi yatwambie ni vijiji gani na lini, sio kila uchaguzi tunagawiwa taito jukwaani halafu inayofuata ni baada ya miaka mitano.

Kama kuna msomaji wa Kilifi, Kwale au Lamu aliyewahi kukopeshwa pesa za kujenga kwa barua ya chifu peke yake, naomba aandike hapa aseme alifanyaje. Turubai la mama limeshatoboka sehemu mbili na masika hayo yanakuja.

Mpishi wa Majengo,
Mombasa