Malalamiko kuhusu batani za Hifadhi, Funga na Ghairi

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari ya kazi. Mimi ni karani wa ushirika wa maziwa huku Molo, mfumo wenu wa kompyuta ndio tunaingizia kilo za kila mkulima asubuhi na jioni, na nimechoka kupiga simu naambiwa tu zima halafu washa, basi leo naandika.

Chini ya ile fomu mmepanga batani tatu, Hifadhi, Funga, Ghairi, zimebanana, rangi moja, saizi moja. Sasa lori limefika, maziwa yanapimwa, mwenzako anakusomea namba ya mkulima na kilo na wewe unapiga haraka haraka, mausi ikisonga kidogo ukagusa Funga, kila kitu kimeenda, haiulizi, haionyi. Alafu ukifungua rekodi kuangalia tu, hujagusa kitu, ukitoka ndio inauliza "Una uhakika unataka kughairi?" na majibu ni Ndiyo na Ghairi! Ofisi nzima tumebishana hapo Ghairi inafanya nini, hadi leo hatujaelewana.

Hiyo Hifadhi nayo ukibonyeza haisemi kitu, na netiweki ya huku mnaijua, mtu anabonyeza tena, kilo zinaingia mara mbili. Mwisho wa mwezi kadi ya mzee mmoja inasema jioni fulani alileta kilo 14, kwa kompyuta ni 28, jirani yake jioni hiyo hayuko kabisa, na anayeitwa mwizi ni mimi si nyinyi.

Hifadhi ipeeni rangi yake, hizo zingine zikae mbali. Mtu akifunga na kuna kitu hajahifadhi, muulizeni, na majibu yawe Hifadhi, Usihifadhi, Rudi kwa fomu. Kama hajabadilisha kitu muacheni atoke. Ikishaingia iandike Imehifadhiwa na saa, alafu batani ilale hadi mtu abadilishe kitu. Na mpangilio jamani, Windows hutanguliza kukubali ndio kughairi kufuate, Mac ni kinyume, yoyote sawa tu, lakini nyinyi fomu ya maziwa Hifadhi iko kushoto, ya madeni ya chakula cha ng'ombe iko kulia.

Nijibuni kwa maandishi kabla tufunge malipo ya mwezi huu, na zile kilo za mara mbili mzitoe huko kwenu, maana sisi hamkutupa ruhusa ya kufuta.

Wenu,
Karani wa rekodi, Molo