Hiyo "tu" kwenye medali ya fedha inaniuma

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila nikisoma kwenye kurasa za michezo kwamba fulani "aliambulia fedha tu" hiyo "tu" inanichoma, na hapo namkumbuka Adriana Behar, yule Myahudi wa Brazil, mzaliwa wa Rio, aliyecheza voliboli ya ufukweni na Shelda Bede.

Wengi wanachokumbuka ni kwamba alikosa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, basi. Ni kweli alikosa. Lakini hebu tafuteni ile fainali ya Sydney 2000, ufukweni Bondi, uwanja mzima Waaustralia wanawapigia kelele Natalie Cook na Kerri Pottharst, enzi hizo seti inaishia 12, na kina Adriana wakafungwa 12-11 na 12-10. Pointi 3 mechi nzima jamani! Athens 2004 sibishi, Misty May na Kerri Walsh wa Marekani walikuwa moto, hawakuachia hata seti moja.

Sasa mbona hamtaji ubingwa wa dunia 1999 Marseille na 2001 Klagenfurt, na ubingwa wa ziara ya dunia, yale mashindano ya msimu mzima nchi mbalimbali, miaka 5 mfululizo, 1997 mpaka 2001, halafu wakarudi wakachukua tena 2004?

Na wamecheza pamoja tangu 1995 hadi 2007. Mimi nafundisha mabinti mchangani huku Mombasa najua hiyo ni kitu gani, kwangu wawili wakikoseana Jumatatu, Jumatano kila mmoja kashatafuta mwenzie. Kule mchangani hakuna sabu, na enzi zao kocha hakuwa na ruhusa ya kukupigia kelele, mko wawili tu na jua. Adriana ndo mrefu, yuko kwenye neti, mkono nyuma ya mgongo, kidole kimoja maana yake nazuia mpira unaopigwa moja kwa moja kando ya mstari, viwili nazuia unaopigwa mshazari, na Shelda mfupi wa watu huko nyuma anaamini hivyo vidole anakimbilia upande uliobaki kabla mpira haujapigwa. Miaka 12 hivyo!

2010 wakaingizwa wote wawili kwenye jumba la heshima la voliboli kule Holyoke, Marekani, na 2021 Adriana akapewa kuongoza utendaji wa shirikisho la voliboli la Brazil.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, Olimpiki ijayo dada akirudi na fedha andikeni amepata fedha, mweke na matokeo ya seti tuone alivyopigana.

Mwalimu wa voliboli,
Mombasa