Lori linaloshuka polepole lisipigiwe honi

Mhariri,

Dereva wa lori husifiwa mzigo unapowahi kufika. Barabarani hulaumiwa kwa kujikokota, hasa kwenye miteremko, na honi za wanaomfuata hazikomi. Sisi tunaofundisha na kukagua madereva wa magari makubwa tunaona lawama hiyo inamwangukia asiyestahili. Kwenye mteremko, mwendo wa polepole ndio ufundi wenyewe, na ndio jambo la kwanza la kumshukuru.

Chukua kichwa na tela lake, jumla tani 40, vikishuka kimo cha mita 100. Nishati inayopaswa kumezwa hapo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Dereva akitegemea pedali peke yake, joto hilo lote huishia kwenye ngoma za breki zinazozunguka na magurudumu, na kwenye lining zinazozikandamiza kwa ndani. Ngoma ikipata moto hutanuka na kuachana na lining, na lining zenyewe hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga zaidi, joto huongezeka zaidi, na mwisho upepo unaosukuma breki za lori bado upo kwenye matangi lakini gari halisimami. Harufu ya kuungua ikimfikia puani, breki zake zimeshapungua nguvu.

Kwa hiyo dereva anayeijua kazi yake huamua mambo akiwa bado juu. Hupunguza mwendo, huingiza gia ndogo, huwasha breki ya injini, inayoifanya injini yenyewe ilizuie gari, ndipo huanza kuteremka. Gia hiyo haisubiriwi hadi njiani. Gari likishashika kasi, gia ya chini inaweza kukataa kuingia, likabaki frii, yaani bila gia, huku tani zote zile zikilisukuma. Kama mwendo salama wa mteremko ule ni kilometa 60 kwa saa, akifika 60 hukanyaga breki kwa uthabiti, sekunde kama 3, mpaka mwendo ushuke hadi 52 hivi, kisha huachia kabisa ili breki zipoe. Mwendo ukipanda tena, anarudia. Mguu ulioegeshwa juu ya pedali tangu kileleni hadi bondeni ndio unaochoma breki. Kupampu ovyo nako kuna hatari yake, kwa sababu upepo hutumika haraka kuliko kompresa inavyoweza kuujaza. Shinikizo likishuka hadi karibu baa 4 kengele hulia. Likizidi kushuka, springi hukaza breki zenyewe, popote gari lilipo. Mvua ikinyesha hesabu hubadilika tena: breki ya injini ikizidi nguvu kwenye lami inayoteleza, magurudumu ya kichwa yanaweza kuteleza na tela likakisukuma kichwa ubavuni.

Anayepiga honi nyuma anamwomba dereva huyo aharibu hesabu hizi zote.

Kwenye tambarare kuna nafasi ambayo lori huiacha mbele yake. Kwa kilometa 80 kwa saa lori hukata mita 22 kila sekunde, na upepo wa breki huchukua karibu nusu sekunde kufika kwenye magurudumu. Mita 11 zimekwenda kabla lining haijagusa ngoma. Gari dogo likichomeka hapo, limeichukua breki ya mwenzake. Dereva wa lori hana la kufanya ila kupunguza mwendo taratibu na kuijenga nafasi upya, na wengi wao hufanya hivyo siku nzima bila kelele.

Mzigo nao una kazi yake, na wapita njia hawaioni. Viwango vya Ulaya vinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni asilimia 50. Kwa mzigo wa tani 20, hiyo ni nguvu ya tani 16 kuelekea kichwani. Mikanda hukazwa, lakini mzigo hutulia na kushikana gari likianza kutikisika, na mikanda hulegea. Marekani sheria inamtaka dereva aukague tena ndani ya kilometa 80 za mwanzo. Lori lililosimama mapema pembeni, dereva akizunguka tela na kuvuta mkanda mmoja mmoja, halijaharibika.

Tunalowaomba zaidi wenye maghala ni muda. Marekani dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha saa 11, zote ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Akisubirishwa saa 5 mlangoni, kwa kawaida zile 14 zinaendelea kuhesabika, na kinachobaki ni kukimbizana na saa au kulala mahali pasipo na maegesho. Shukrani hapa ni kumpa miadi na kuitimiza, kumfungulia choo, kumwonyesha maji ya kunywa, na kumlipa saa alizosubiri.

Aliyeegesha na kufunga mapazia asigongewe mlango ili asogeze gari. Pumziko linalohesabika ni lile lisilokatizwa, na usingizi wake ni sehemu ya breki zake.

Wakufunzi na wakaguzi wa madereva wa magari makubwa